Zamu ya Kumchukua Mama

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nne, saa sita kasoro mchana, Yaching na mumewe A-Bun walimshusha Mama mbele ya mkahawa ulio karibu na stesheni ya Sinying, wakampa fremu yake ya kutembelea, wakaanza kumwingiza ndani hatua kwa hatua. Gari lao kuukuu lilibaki nyuma yao buti wazi. Halikufungika, kwa sababu kiti cha choo cha Mama, kile cha plastiki chenye ndoo chini yake, kilikuwa kimepakiwa juu ya masanduku mawili na kufungwa kwa kamba, kinatazama barabara. Yaching alikuwa amekifunika kwa taulo, lakini upepo uliliondoa kabla hawajatoka Chiayi.

"Taulo limekwenda," A-Bun alikuwa amesema, akitazama kioo cha nyuma.

"Liache liende," Yaching alimjibu. Hakuwa na nguvu ya kukimbizana na taulo barabarani.

Mwenye mkahawa, mwanamke mnene mwenye aproni ya mpira, aliwaona akaja kuwavutia stuli. Aliwafahamu. Kila baada ya miezi mitatu familia hii ilikuja, ikala, kisha bibi kizee akatoka kwenye gari moja na kuingia lingine.

"Leo mnabadilishana tena?"

"Leo tena," Yaching alisema.

"Mama amependeza. Nywele amefanyiwa na nani?"

"Na mkwe," Mama alijibu, akajigusa kisogo. Jina lake Bi Suilan, mwenye miaka themanini na mmoja. Siku hiyo alikuwa amevaa blauzi ya zambarau aliyokuwa akiivaa siku za kuhama tu.

Mzee wao alipofariki, watoto wa kiume wawili waliafikiana kwamba Mama atakaa miezi mitatu Chiayi kwa A-Bun na miezi mitatu Tainan kwa kaka yake, A-Tek. Sinying iko katikati, kwa hiyo walichagua kukutana hapo ili asiwepo wa kusema yeye ndiye aliyeendesha gari mbali zaidi. Huu ulikuwa mwaka wa sita. Miaka minne ya kwanza haikuwa na taabu, maana Mama alikuwa akijipikia mwenyewe na kuwasaidia kukunja nguo. Kisha alianguka, nyonga ikavunjika, na tangu hapo hakuweza kuachwa peke yake hata kwa muda wa mtu kwenda dukani kununua chumvi.

Yaching alikuwa mpishi katika jiko la shule. Kila zamu yao ilipofika ilimbidi aombe ruhusa bila malipo, na kila alipoomba, mpishi mkuu alikunja uso zaidi. Safari hii alimwambia waziwazi, "Jumatatu usipofika, dada, nitaweka mtu mwingine. Usinilaumu." Jumatatu yenyewe ilikuwa kesho. Yaching alikuwa ameihesabu kama mfungwa, na aliona haya kwamba ameihesabu, kwa sababu Mama hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumtolea neno chafu. Alikuwa anachosha tu, na usiku aliamka mara nyingi.

Alichukua karatasi ya kuagizia na penseli iliyofungwa kwa uzi mezani.

"Mama, utakula nini?"

"Chochote."

"Mwatiko wanao leo. Supu au wa kukaanga?"

"Chochote mnachopenda nyie."

Yaching alitia alama kwenye supu ya mwatiko na tangawizi, kwenye matembele ya kitunguu saumu, kwenye kimanda cha chaza, na kwenye mabakuli matano ya wali wenye nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa soya hadi ikalainika. Alikuwa anataka kutia alama kwenye machipukizi ya mianzi alipoinua macho na kuwaona wenzao kupitia kioo.

Walikuwa wanakuja kwa miguu kutoka upande wa stesheni. A-Tek alitangulia, mwanamume wa miaka hamsini na saba aliyezoea kutembea kama mtu aliyechelewa. Mkewe Peiyu alimfuata nyuma kama hatua kumi hivi, na mfuko mmoja mdogo begani. Yaching alitazama barabara juu na chini akilitafuta gari lao jeupe. Hakuliona. Mtu anayekuja kumchukua mama mwenye masanduku mawili, fremu na kiti cha choo haji kwa treni.

Aliiweka penseli chini taratibu.

*

"Kaka, mafua yamepona?" A-Bun aliuliza hata kabla watu hawajakaa. "Siku ya kufagia kaburi la Baba tulikungoja mpaka uvumba ukaisha."

"Yamepona."

"Sauti bado haijakaa sawa."

"Itakaa."

Peiyu alikaa kando ya Mama, mahali pake pa siku zote. Alimshika mkono akautazama, kwanza kucha, kisha ngozi ya kiwiko. Siku nyingine jambo hilo lingemkera Yaching. Kwa miaka miwili wake hawa wa ndugu wawili walikuwa wakikaguana kupitia mwili wa mama mkwe wao: huyu anatafuta kidonda, yule anatafuta uchafu nyuma ya sikio, na hakuna aliyewahi kulisema. Leo Yaching alitazama tu.

"Umekonda," Mama alimwambia Peiyu.

"Nimepungua kidogo, Mama."

"Gari mmeliegesha wapi?"

A-Tek aliinuka kwenda kwenye pipa la chai baridi, akajaza vikombe vitano akiwapa mgongo. "Kule nyuma, Mama. Huku mbele hapana nafasi."

Mbele ya mkahawa palikuwa na nafasi mbili tupu, na kila mtu mezani angeweza kuziona. A-Bun peke yake hakuziona, maana chakula kilikuwa kinakuja, naye tangu asubuhi alikuwa amekunywa maziwa ya soya tu.

Walikula. Feni ilizunguka na kupeperusha kona za karatasi ya kuagizia. Kwenye televisheni iliyokuwa juu ya friji mtu alikuwa akieleza habari za mvua. Peiyu alichukua kipande cha mwatiko, samaki mwenye miba kama nywele, akakichambua kwa ncha za vijiti hadi ikabaki nyama tupu, akaiweka kwenye bakuli la Mama. Alirudia kwa kipande cha pili na cha tatu. Wali wake mwenyewe ulikuwa unapoa.

Yaching aliweka vijiti chini. "Dada," alisema, "twende tukachague vitoweo vya baridi."

*

Kabati la vioo lilikuwa karibu na mlango wa jiko. Ndani yake kulikuwa na mayai yaliyochemshwa kwenye soya, mwani, masikio ya nguruwe yaliyokatwakatwa, na tofu. Peiyu alishika koleo, Yaching akashika sahani.

"Gari liko wapi, dada?"

Peiyu aliinua kipande cha tofu, akakiweka kwenye sahani vizuri kama kitu cha kuvunjika.

"Ninalo mimi, Taoyuan. Nakaa kwa dada yangu tangu mwezi wa pili."

"Mgonjwa?"

"Mzima. Tumeachana, Yaching. Tumeshasaini."

Mwanamume mmoja alikuja akachukua sahani ya mwani, nao wakanyamaza mpaka akaondoka.

"Na ile nyumba?"

"Nyumba ni ya baba yangu, unajua. Tek amepanga chumba ghorofa ya nne. Hakuna lifti, choo cha kuchuchumaa."

"Alhamisi nimempigia simu mimi mwenyewe. Akaniambia Jumapili kama kawaida."

"Nilimwambia awaambie tangu mwezi wa pili, akasema atawaambia. Mwezi wa tatu nikamkumbusha, akasema atawaambia. Juzi nikamwambia, usiposema wewe nitasema mimi. Ndipo akaniomba nije nikae mezani, tule, Mama asishtuke. Akasema akishashiba ndipo ataanza maneno."

"Kwa hiyo umekuja kuigiza."

"Nimekuja kumwona." Peiyu aliweka yai kwenye sahani. "Miaka miwili nimemwosha. Nisingeweza kuondoka kama mpangaji anayehama usiku."

Yaching alitaka kumkasirikia. Alikuwa amejiandaa kwa miezi mitatu kuwa na mtu wa kumkasirikia, na sasa mtu mwenyewe alikuwa amesimama hapa amekonda, anachagua mayai.

"Na mimi je, dada? Kesho niko kazini. Wewe umeondoka. Mimi nimwachie nani?"

"Ndiyo maana jana sikulala."

"Lakini imekuwaje, baada ya miaka yote hiyo?"

Peiyu alifikiri, kama mtu anayetafuta jibu fupi. "Nilikuwa namwosha Mama, nikateleza, nikaanguka kwa mkono huu. Nikamwita. Alikuwa sebuleni anatazama besiboli. Akasema, ngoja kidogo. Basi nikangoja. Nimelala sakafuni, maji yanatiririka, na Mama kwenye kile kiti chake ananipapasa nywele. Anasema, pole, mwanangu, pole. Nikaona nimengoja miaka ishirini na tisa." Alifunga mlango wa kabati. "Hayo tu. Hakuna mwanamke mwingine, hakuna kupigwa. Ukiwaeleza watu wanakuona mwendawazimu."

"Mimi sikuoni mwendawazimu," Yaching alisema.

*

Waliporudi, A-Tek alikuwa ameagiza bakuli jingine la wali, ingawa la kwanza hakulimaliza. Alimsubiri Yaching akae, akasafisha koo.

"Bun, Yaching, kuna jambo. Kule nyumbani mabomba yamepasuka. Mafundi wamebomoa bafu zima. Nilikuwa nafikiri Mama akae kwenu kidogo, wiki mbili tatu, mpaka wamalize."

"Mabomba gani tena?" A-Bun aliuliza mdomo umejaa. "Si ulibadilisha juzijuzi?"

"Yale mengine."

"Shemeji," Yaching alisema, "mabomba ya ghorofa ya nne?"

A-Tek alimtazama Peiyu, na Peiyu alikuwa anatazama kimanda cha chaza kilichokuwa kikiganda katika sosi yake nyekundu. A-Bun aliwageukia mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia sinema katikati.

"Ghorofa ya nne ya wapi?"

Hapo Mama aliweka vijiti vyake chini, akamgusa Yaching mkononi. "Yaching," alisema kwa sauti ndogo, "nataka kwenda haja."

Wanawake wote wawili waliinuka papo hapo, kwa mazoea, mmoja upande huu, mmoja upande ule. Peiyu alikuwa ameshavuta fremu. Kisha Yaching akakaa tena. Hakuwa amelipanga. Alikuwa amechoka tu, na alipokwisha kukaa aligundua kwamba hataki kusimama. Peiyu alimtazama. Naye aliiacha fremu mbele ya Mama, akakaa.

Mama alibaki ameishika meza kwa mkono mmoja, anawatazama wakwe zake wawili bila kuelewa.

"Shemeji," Yaching alisema, "mpeleke Mama."

A-Tek alicheka kidogo. "Mimi?"

"Wewe."

"Mimi mwanamume, Yaching. Mama mwenyewe ataona haya."

"Ataona haya, ndiyo. Kila siku anaona haya, na mimi naona haya, na tunakwenda hivyohivyo."

"Hapa ni mbele za watu."

"Nimewaona, si wachache."

"Basi nitampeleka mimi," A-Bun alisema akianza kuinuka, mkono kiunoni. Alikuwa fundi wa viyoyozi, na mgongo wake ulikuwa umekwisha kwa kupanda ngazi na mizigo.

"Wewe mgongo huo utamwinua na nini? Kaa. Tena zamu ya kwetu imekwisha leo. Ni zamu yake."

"Msigombane," Mama alisema. "Naweza kujizuia. Maliza kula, Yaching. Naweza kujizuia."

Kwenye meza ya jirani kijiko kiliwekwa chini. Watu walikuwa wameacha kuzungumza, ingawa kila mmoja alijifanya anatazama habari za mvua. A-Tek aligeuka mwekundu kutoka shingoni mpaka masikioni. Alisukuma stuli nyuma, akaja upande wa pili wa meza, na kwa muda hakujua amshike mama yake wapi.

"Kwapani," Yaching alimwambia. "Si mkono, mkono wa kushoto unauma. Mlango wa choo ni mwembamba, fremu haipiti, iache nje. Kuna ngazi moja kabla ya kuingia. Mwambie atangulize mguu wa kulia."

Walikwenda kupita mbele ya jiko, polepole, bibi kizee mwenye blauzi ya zambarau na mwanamume mwenye mvi aliyeinama juu yake. Mlango ulifungwa.

*

Kukapita dakika tano, kisha kumi. A-Bun ndiye aliyekuwa anasumbuka zaidi.

"Kwani mmeachana?" alimwuliza Peiyu hatimaye.

"Ndiyo, shemeji."

"Kila mtu anajua, mimi tu sijui?"

"Mama hajui."

A-Bun alikuna kichwa. Alimpenda kaka yake, na alikuwa amezoea kuamini kwamba kaka yake ana mpango. "Ndiyo maana hakuja makaburini," alisema. Akachukua tofu akala, kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi.

Mwanamke mwenye mtoto alikwenda kugonga mlango wa choo, akarudi, akakaa. Mwenye mkahawa alipita karibu na meza yao, akainama.

"Mambo huko salama?"

"Sijui," Yaching alisema.

Mlango wa choo ulifunguka kiasi cha upana wa kichwa. "Yaching," A-Tek aliita, akijaribu kusema kwa sauti ndogo ambayo bado ilifika kila meza. "Suruali iko sanduku gani?"

"La kijani. Chini ya dawa."

Alitoka mbio akiwa amekunja mikono ya shati, amelowa mpaka viwiko. Watu wote waliokuwa wakila walimwona kupitia kioo. Alifungua kamba. Alishusha kile kiti cha choo akakiweka katikati ya njia ya watembea kwa miguu, na msichana mwenye kitabu cha shule akakizunguka. Alifungua sanduku la bluu badala ya la kijani. Alitoa mto, akatoa koti, akalishika juu kana kwamba linaweza kugeuka suruali. Peiyu alikuwa ameukunja mkono wake juu ya meza, lakini hakuinuka. Yaching naye hakuinuka. Halikuwa jambo la kumfurahisha kama alivyokuwa amedhani. Machozi yalimjia na hakujua ni ya nani, akayafuta kwa karatasi ya mezani.

A-Tek alirudi na suruali ya kulalia ya msimu wa baridi, nene, ya maua mekundu. Alipoingia tena, mwenye mkahawa alichukua ndoo na kidekio, akamfuata.

"Acha, baba, nitapasafisha mwenyewe. Jambo la kawaida tu."

"Nipe mimi," walimsikia A-Tek akisema mle ndani.

"Acha, nimekwambia."

"Nipe mimi, mama. Tafadhali."

Kidekio kilisikika kikigonga kuta. Kisha sauti ya A-Tek ilisikika tena, chini, inazungumza mfululizo, na hakuna aliyeweza kushika maneno. Ilizungumza muda mrefu kuliko ambavyo Yaching aliwahi kumsikia mwanamume yule akizungumza.

*

Mama alirudi mezani na suruali ya maua chini ya blauzi yake ya zambarau. Uso wake ulikuwa umetulia na umechoka. Alikaa, akavuta pumzi, akawapa mikono yake Yaching na Peiyu waifute, mmoja mmoja, kama mtoto anayerudi kutoka kucheza. A-Tek alibaki amesimama nyuma yake.

"Ameniambia," Mama alisema.

Peiyu aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Mama."

"Ungeniambia wewe ningelia. Kaniambia yeye nimekaa chooni, sina pa kwenda, ikabidi nisikilize." Alimtazama Peiyu kwa muda. "Taoyuan kuna baridi kuliko huku. Lile koti la kijivu umelichukua?"

"Nimelichukua."

"Na mkono?"

"Umepona."

"Haujapona. Nimeona unavyoshika bakuli."

Mama alichukua vijiti vyake. Alivipeleka kwenye supu, akatafuta tumbo la mwatiko, sehemu yenye mafuta ambayo siku zote watu walimwachia yeye, akaliinua. Nusu ilianguka mezani njiani. Nusu iliyobaki ilifika kwenye bakuli la Peiyu.

"Kula," alisema. "Tangu umekaa unachambua miba tu. Treni ni ndefu."

Peiyu alikula. Alikula ule wali wote uliopoa, machozi yakishuka puani, wala hakuyafuta, na Mama alimtazama mpaka bakuli likawa tupu.

Ndipo Yaching akasema lile ambalo lilikuwa limemkaa kifuani tangu asubuhi, na alishangaa jinsi lilivyotoka bila ukali.

"Shemeji, mimi kesho saa kumi na mbili asubuhi niko shuleni. Nisipofika kazi imekwenda. Mama hawezi kupanda ghorofa nne. Kwa hiyo Mama anarudi Chiayi, hilo halina ubishi. Lakini na wewe unakuja."

"Nije kufanya nini?"

"Ulichofanya sasa hivi."

A-Tek alikaa. Harufu ya sabuni ya sakafu ilikuwa imemshika. "Nina kazi, Yaching. Dukani hawatanielewa."

"Na mimi nilikuwa na kazi kila mara nilipoomba ruhusa. Peiyu aliacha kazi kabisa, na hukuona ajabu. Omba mwezi mmoja. Mwambie bosi mama yako mgonjwa. Ukiisha mwezi tukae tena pamoja, tutazame nini kinawezekana. Kama ni mtu wa kuajiriwa, kama ni nyumba ya kulelea wazee, tutasema mbele yake, si nyuma yake. Lakini hutanidanganya tena habari za mabomba."

"Asubuhi na usiku," A-Bun aliongeza ghafla. Wote walimgeukia. Masikio yalimwiva. "Usiku pia ni wewe, kaka. Yaching hajalala vizuri tangu mwaka mpya. Mimi nalala, yeye halali. Mimi nilikuwa najua."

Yaching alimtazama mumewe. A-Bun hakumtazama.

"Sina hata mswaki," A-Tek alisema.

"Chiayi wanauza miswaki."

A-Tek alitazama viganja vyake. Vilikuwa vimekunjamana kwa maji. "Sikujua kwamba ni mwepesi hivi," alisema, si kwa mtu fulani. "Nilipomwinua. Nilijiandaa kwa uzito, karibu tuangukie nyuma."

"Nimesikia," Mama alisema. "Niko hapa."

Ndugu wawili walikwenda kulipa, wakaanza kusukumana mbele ya kaunta kugombea bili, kama inavyopasa, ingawa leo kila mmoja alisukuma kidogo tu. Mwenye mkahawa aliwakatiza. Yule dada alikwisha kulipa, alisema, alipobaki nyuma kurudisha koleo. A-Tek alirudisha pochi mfukoni na hakuweza kumtazama Peiyu usoni.

*

Nje waliagana haraka, maana treni ya kaskazini ilikuwa inakuja. Peiyu alimshika Mama mikono yote miwili, akamwambia atampigia simu kila Jumapili. Mama alisema, sawa, lakini asipige wakati wa mchezo wake wa televisheni. Peiyu alimgeukia Yaching. Walikuwa hawajawahi kukumbatiana, na sasa hawakujua waanzie wapi.

"Nyuma ya masikio usisahau," Peiyu alisema.

"Sisahau."

"Najua. Hujawahi kusahau. Nilikuwa natazama."

Aliondoka na mfuko wake mdogo begani, na safari hii hakumfuata mtu.

A-Tek alikirudisha kile kiti cha choo juu ya masanduku. Alikifunga vibaya, A-Bun akakifungua, akamwonyesha. Kisha A-Tek akapanda kiti cha nyuma karibu na mama yake, magoti yakigusa kiti cha mbele, akahangaika na mkanda wa Mama hadi ukashika. Gari likaondoka.

Walivuka reli.

"Mama," A-Tek aliuliza, "usiku huwa unaamka mara ngapi?"

"Mara tatu. Siku nyingine nne."

"Hukojoi kitandani?"

"Nikichelewa kuitikiwa."

Yaching, kiti cha mbele, aliufungua mkanda wa saa yake akaipumzisha mapajani. Alisikia A-Tek akijigeuza nyuma yake, akikaa sawa.

"Basi utaniita mimi."

"Nimezoea kumwita Yaching. Usiku mtu huita jina analolizoea."

"Jizoeze."

Mama alitazama nje. Mashamba ya mpunga yalipita upande wa dirisha lake, mabichi, yamejaa maji. Kisha alijaribu, kwa sauti ile ndogo ya mtu asiyetaka kusumbua nyumba nzima.

"Tek."

"Naam, Mama."

Alitafakari kidogo, akajaribu tena, juu kidogo. "Tek."

"Nipo."

Aliita mara ya tatu, lakini hiyo Yaching hakuisikia. Alikuwa ameegemea kioo, mdomo wazi, amelala.